Gigahezi 2.4 au 5, ripita au waya: kuchagua Wi-Fi kwa nyumba za Mombasa

Dukani, Barabara ya Digo, mteja alikuwa ameshika maboksi mawili ya ruta, moja kila mkono, kama anayepima madafu. La kulia limeandikwa AC1200, la kushoto AX3000. Akaniita, maana mwenye duka alikuwa amemwambia mimi ni fundi.

"Kaka, hili la elfu tatu si ndilo? Namba yake kubwa."

Nikamuuliza nyumba yake imejengwa kwa nini. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza alilipa mahari kiasi gani. Mtu amekuja kununua ruta, ya ukuta yanahusu nini?

Yanahusu sana. Kazi yangu ni kuvuta faiba na kupanga Wi-Fi majumbani, kuanzia Mji wa Kale mpaka Mtwapa, na lawama nyingi ninazopokea hazina uhusiano na ubovu wa ruta. Mtu aliletewa maneno mawili asiyoyajua, akaambiwa achague, akachagua lenye namba kubwa. Kwa hiyo nimeyapanga hapa mawili mawili, au matatu matatu pale inapobidi, na penye maoni yangu nitayasema bila kuzunguka. Ninavyoamua mimi: ukuta kwanza, kisha majirani, kisha simu ulizonazo, halafu ndiyo boksi la ruta.

Gigahezi 2.4 na gigahezi 5

Ruta nyingi za sasa zinarusha bendi zote mbili, yaani vipande viwili vya masafa ya redio, kwa pamoja, kwa hiyo swali halisi ni kifaa gani kikae wapi, na nyumba yako inaweza kuhudumiwa na bendi ipi.

Tuanze na hewa tupu, bila ukuta. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye ruta, mawimbi ya gigahezi 2.4 yamekwisha kupoteza desibeli 60 hivi. Ya gigahezi 5.5, kwa antena za aina moja, yamepoteza 67. Saba inaonekana ndogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila 3 ni nusu, kila 10 ni fungu moja la kumi. Hizo 7 zina maana kwamba kwenye 5 simu inapokea kama moja ya tano ya nguvu ambayo ingepokea kwenye 2.4. Na hapo ukuta bado haujaingia.

Sasa uingie. Shangazi yangu anakaa Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Fort Jesus, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, ukuta unene wake unakaribia nusu mita. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kuzuia joto, na zinazuia mawimbi ya redio kwa bidii ileile. Ruta ilikuwa sebuleni nyuma ya televisheni. Nikatoa simu yenye programu ya kupimia. Hatua tatu kutoka kwenye ruta, bendi ya 5 ilisoma -44; hasi ikizidi kuwa kubwa, mawimbi yamezidi kudhoofika. Nikaingia chumba cha ndani, ukuta mmoja tu umepita kati: -78. Nikahamia bendi ya 2.4 palepale niliposimama: -63.

Nikaanza kumweleza. Akanikata.

"Mwanangu, mimi nataka nizungumze na wajukuu walioko Muscat na nyuso zao nizione. Hizo hasi zako kapimie samaki."

Simu yake nikaiweka kwenye 2.4 na nikaifuta kumbukumbu ya bendi ya 5 isije ikarukia huko tena. Wajukuu wakaonekana. Kwa nyumba ya mawe yenye mtu mmoja au wawili na simu ya video, 2.4 inatosha, na asikudanganye mtu kwamba ni teknolojia ya kale isiyo na kazi.

Ubaya wa 2.4 unaujua ukihamia ghorofa. Panda orofa ya tatu ya jengo lolote Bamburi au Tudor, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu, uone majina yanavyoteremka: ya jirani wa kulia, wa kushoto, wa juu, saluni ya chini, na yule aliyeita mtandao wake "Usijaribu". Wote wamo kwenye kipande kimoja, kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5. Kile kinachopenya ukuta wako ndicho kinachopenya ukuta wao pia.

Na kipande hicho ni kidogo kuliko kinavyoonekana. Kina chaneli 13 katika nchi nyingi, 11 Marekani, lakini chaneli zimepishana kwa megahezi 5 tu ilhali mawimbi yenyewe yana upana wa 20. Chukua baraza lililochorwa alama kumi na tatu, halafu kila anayekuja kukaa anachukua nafasi ya wanne. Wanaokaa bila kubanana ni watatu: aliye kwenye 1, aliye kwenye 6, na aliye kwenye 11. Fundi anayekuwekea chaneli ya 3 "kwa sababu haina mtu" amekuketisha juu ya mapaja ya watu wawili. Mkiwa wawili kwenye chaneli ya 6, ruta zenu zinasikizana na kupeana zamu, mambo yanakwenda polepole lakini yanakwenda. Wewe ukiwa kwenye 3, wao hawakuelewi, wanakusikia kama kelele, na wewe vilevile. Ongeza tanuri la maikrowevu linalotoa mawimbi yake karibu na gigahezi 2.45, na spika za bluetooth zilizo kwenye bendi hiyohiyo.

Bendi ya 5 ina nafasi. Na ule udhaifu wake wa kushindwa na kuta, kwenye ghorofa unageuka kuwa neema: Wi-Fi ya jirani inakufa kwenye ukuta wake kabla haijafika kwako.

| | 2.4 | 5 | 6 |
|---|---|---|---|
| Chaneli zisizogusana, upana wa 20 | 3 | 19 hadi 25, kutegemea nchi | 24 Ulaya, 59 Marekani |
| Ukuta wa matumbawe | inapita kwa shida | mara nyingi inakwama | usitarajie |
| Ghorofa yenye majirani wengi | msongamano | nzuri | nzuri zaidi |
| Vifaa | karibu vyote | karibu simu zote za miaka ya karibuni | simu chache, za bei |

Ya 6 nimeiweka kwenye jedwali ili usiseme nimeificha. Marekani ilifungua megahezi 5925 hadi 7125 mwaka 2020. Ulaya ikachukua nusu ya chini tu. Ni bendi safi ya chumba kimoja. Kama huna simu inayoijua, umenunua gari la njia ambayo hujaifikia.

Kabla sijaondoka hapa: watu wa pwani tunapenda kulaumu unyevu. Ndani ya nyumba unyevu wa hewa hauli mawimbi haya kwa kiasi cha kuhesabika. Chumvi ndiyo yenye kosa, na inachokula ni viungo vya kebo na antena zilizoko nje.

Mistari ya simu na dBm

Ile mistari minne juu ya simu ni maoni ya kampuni iliyotengeneza simu. Kila moja ina kipimo chake, na simu mbili zikiwekwa meza moja zinaweza kuonyesha mistari tofauti kwa nguvu ileile. Namba ya kuaminika ni dBm, yaani desibeli zikilinganishwa na miliwati moja. 0 dBm ni miliwati 1; 20 ni miliwati 100, ambayo ni nguvu ya kawaida ya ruta ya nyumbani. Kinachofika kwenye simu ni kidogo mno, ndiyo maana kinaandikwa kwa hasi, na kadiri hasi inavyokuwa kubwa ndivyo mawimbi yalivyo dhaifu. Mimi nikipanga nyumba nalenga -67 au bora zaidi mahali popote mtu atakapokaa na kupiga simu ya video. -75 utasoma ujumbe na kuvumilia. Ikifika -85 hapo unashika jina la mtandao tu.

Lakini nguvu peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapotea. "Fundi, mistari imejaa na video inakwama!" Umewahi kuzungumza na mtu kwenye harusi, karibu na spika za taarabu? Sauti yako ni ileile ya kila siku, na mwenzako yuko hatua moja, na bado hasikii. Kinachomfaa ni tofauti kati ya sauti yako na kelele. Kwenye Wi-Fi tunachukua nguvu ya mawimbi tukaondoa humo nguvu ya kelele. Kelele ikiwa -95 na mawimbi -65, una desibeli 30, safi kabisa. Mawimbi yakiwa hayohayo -65 lakini kelele imepanda hadi -80, umebaki na 15, na mistari kwenye simu haijapungua hata mmoja. Ninataka 25 au zaidi.

Kutokana na hilo, usimpe kazi fundi ambaye dawa yake ya kila kitu ni kupandisha nguvu ya ruta hadi mwisho. Ruta inaweza kupiga kelele ikasikika mpaka barabarani. Simu yako yenye antena ndogo na betri ya kuhurumia inajibu kwa kunong'ona. Mazungumzo ni ya watu wawili. Ukipandisha upande mmoja unapata mistari mingi na intaneti ileile.

Megahezi 20, 40, 80, 160

Huu ni upana wa chaneli, na mipangilio ya ruta mara nyingi huja "otomatiki", yaani mkubwa kuliko unavyohitaji. Upana ukizidi mara mbili, spidi ya juu inazidi mara mbili hivi, na kelele inayoingia pia inaongezeka kwa desibeli 3. Kwenye 2.4 weka 20. Mwenye kuweka 40 kwenye 2.4 ndani ya ghorofa amechukua baraza zima na nusu ya ngazi.

Kwenye 5, ghorofani naweka 40, nyumba iliyojitenga naweka 80. Ya 160 nitaieleza kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilimfungia mteja mmoja wa Nyali ruta nzuri, nikafungua 160, nikapima, namba zikapendeza, nikapiga picha ya skrini na kumtumia mwenzangu kwa majivuno. Siku ya pili mteja akapiga simu: Wi-Fi inapotea, inarudi baada ya dakika, inapotea tena. Nilirudi mara mbili nikishuku kebo, nikabadilisha kichwa chake, nikabadilisha hata soketi ya umeme. Tatizo lilikuwa kwamba megahezi 160 hazienei kwenye chaneli 36 hadi 48 peke yake. Lazima uchukue na 52 hadi 64. Hizo 52 hadi 64, pamoja na zile za kuanzia 100 hadi 144, ni za kuazima. Rada zina haki ya kwanza. Ruta ikitaka kuzitumia lazima isikilize kimya kwa sekunde 60, na ikisikia kitu kama rada lazima iondoke na isirudi hapo kwa nusu saa. Na ruta za bei ya kawaida zina woga: hudhani zimesikia rada hata penye kitu kingine.

Mteja alikuwa na hakika ni meli za Kilindini. Sikumbishia sana, lakini rada za meli kwa kawaida zinafanya kazi karibu na gigahezi 3 na 9, mbali na bendi yetu. Zinazotugusa zaidi ni rada za hali ya hewa, karibu na 5.6. Nilimrudisha kwenye 80, chaneli 36, na tangu siku hiyo hajapiga simu ila kuniuliza bei ya kamera.

Herufi na namba kwenye boksi

Hili nitalipitia haraka, maana ndilo linalopewa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Viwango vya Wi-Fi vinaandikwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE kwa jina la 802.11, cha kwanza mwaka 1997. Herufi zikawa nyingi, watu wakachanganyikiwa, na mwaka 2018 muungano wa Wi-Fi Alliance ukaamua kutumia namba za kawaida: 802.11n ikaitwa Wi-Fi 4, ac ikawa Wi-Fi 5, ax ikawa Wi-Fi 6, na hizo ndizo AC na AX za kwenye maboksi. Wi-Fi 6E ni ile ya 6 ikiongezewa bendi ya gigahezi 6. Wi-Fi 7 ilianza kupewa vyeti Januari 2024.

Namba ya AX3000 ni jumla. Wamechukua spidi ya juu kabisa ya bendi ya 5, ambayo ni megabiti 2402, wakaongeza ile ya 2.4, ambayo ni 574, wakakaribisha juu. Hakuna simu inayotumia bendi zote mbili kwa jumla hiyo. Na ile 2402 inahitaji upana wa 160, ambao umekwisha kusikia kisa chake. Kwenye 80, simu ya kawaida yenye mikondo miwili, yaani antena mbili zikifanya kazi pamoja, inashika 1201, na hiyo ni spidi ya hewani. Mkononi inabaki nusu yake ukibahatika. Ukilipia kila mwezi kifurushi cha spidi ya megabiti 20 kwa sekunde, hata ile AC1200 ina spidi mara nyingi zaidi ya mahitaji yako.

Basi kwa nini ninapendekeza Wi-Fi 6 kwa wengi? Kwa sababu ya msongamano. Wi-Fi 5 kwa kila zamu kwa kawaida inamhudumia mtu mmoja. Wi-Fi 6 inaweza kugawa zamu moja kwa simu kadhaa zenye mizigo midogo midogo. Nyumba yenye simu saba, televisheni mbili na watoto wanaocheza gemu utaiona tofauti. Tena Wi-Fi 5 iliandikwa kwa bendi ya 5 peke yake. Ruta yake ukiipeleka kwenye 2.4 inarudi kuwa Wi-Fi 4, ya mwaka 2009. Wi-Fi 6 imeboresha na 2.4. Kwa shangazi yangu hilo lina uzito kuliko elfu tatu zote za kwenye boksi. Wi-Fi 7 sina ugomvi nayo, lakini chaneli yake pana ya 320 inahitaji bendi ya 6. Pesa hizo ningezitia kwenye kebo.

Ripita, meshi na waya

Mombasa ni kisiwa, kwa hiyo mfano upo tayari. Mawimbi yameshindwa kufika chumba cha nyuma, unayavushaje?

Ripita ni feri ya Likoni ikiwa imebaki moja. Inapakia upande huu, inavuka, inashusha, inapakia upande wa pili, inarudi. Redio ya ripita ya bei nafuu ni moja, na haiwezi kupokea na kurusha wakati mmoja kwenye chaneli ileile, kwa hiyo kila data inapita hewani mara mbili na spidi inakatika nusu. Na lililo baya zaidi bado: watu huchomeka ripita palepale penye chumba kisicho na mawimbi. Ikiwa pale inasoma -80, basi itarudia hizo -80 zake kwa sauti kubwa. Simu inaonyesha mistari kamili, na nyuma yake hakuna kitu. Kama huna budi, ichomeke njiani, mahali simu bado inasoma -60 na kitu.

Meshi ni feri zaidi ya moja na msimamizi mmoja gatini. Vipande viwili au vitatu, jina moja la mtandao, na vinasaidiana kumpokeza mtu anayetembea na simu kutoka kipande kimoja hadi kingine. Zipo za bendi mbili na zipo za bendi tatu. Zile za tatu zinaweza kuiacha redio moja iwe ya kuunganisha vipande vyenyewe, na tofauti unaiona. Tena kumbuka uamuzi wa kuhama ni wa simu. Meshi inaweza kuishauri, na simu nyingine zina kichwa kigumu, zinang'ang'ania kipande cha sebuleni ilhali mwenye simu yuko jikoni. Bei yake inauma, na stima ikikatika kila kipande kinataka betri yake.

Waya ni daraja la Nyali. Unavuta kebo kutoka kwenye ruta hadi chumba cha nyuma, unafunga kisambazaji kingine huko, AP kwa lugha ya mafundi, unakipa jina na pasiwadi zilezile lakini chaneli tofauti. Spidi haikatiki. Kebo ya Cat 6 inabeba gigabiti moja hadi mita 100 bila kutokwa na jasho. Tena, umeme wa kukiendesha kisambazaji unaweza kupita ndani ya kebo hiyohiyo, kwa hiyo betri moja ndogo kwenye ruta inaviwasha vyote viwili wakati mtaa mzima uko gizani.

Kwa nyumba ya matumbawe, 2.4 peke yake isipokutosha, sina mjadala: waya. Meshi ya hewani kupita ukuta ule ni kuwaweka watu wawili pande mbili za ngome na kuwaambia wanong'onezane. Watu wanaogopa kutoboa, na Mji wa Kale wana haki ya kuogopa. Kuta hizo ukizigusa vibaya zinamwaga chokaa mpaka kesho. Sitoboi. Napitisha kebo juu ya fremu za milango, au inafuata boriti, au inatokea kwenye tundu lililokwisha kutobolewa la bomba au la dishi. Kwa shangazi, nilipokuja kumwongezea waya, ilipita juu ya mlango, nikaipaka rangi ya chokaa, na wageni wake hawaioni.

Jambo moja dukani: iko kebo ya shaba na iko ya alumini iliyopakwa shaba. Kwa macho zinafanana. Ichune kidogo kwa wembe; ikionekana nyeupe chini ya wekundu, iache. Kwa chumvi yetu hii, na hasa ukitaka kupitisha umeme ndani yake, itakurudisha kazini kabla ya mwaka.

Kuona ng'ambo na njia kuwa wazi

Hili ni la wachache, wenye duka upande mmoja wa maji na ghala upande wa pili, lakini nalipenda.

Ruta ya nyumbani ina antena ya balbu, inamwaga pande zote. Ya kuvusha maji inataka tochi. Antena haizalishi nguvu. Inaikusanya nguvu ileile na kuielekeza sehemu moja, na kipimo cha mkusanyo huo ni dBi. Jumla ya nguvu ya redio na mkusanyo wa antena, ukitoa kinachopotea kwenye kebo, ndiyo inayowekewa kikomo na sheria. Kwetu masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hiyo usinunue dishi kubwa halafu ukaiwasha kwa nguvu yote.

Watu hupanda juu ya paa, wakaona paa la ng'ambo, wakasema "naona, basi itashika". Jicho linatumia mstari mwembamba. Redio inataka yai refu la nafasi wazi kati ya antena mbili. Kwa kilomita 1 kwenye gigahezi 5.5, yai hilo katikati lina nusu kipenyo cha mita 3.7 hivi; kwenye 2.4 linafika 5.6. Asilimia 60 yake ikiwa wazi unaweza kulala usingizi. Mnazi mmoja ukiingiza makuti hapo unakula mawimbi, na jicho lako bado linaona paa la ng'ambo.

Kisha maji. Kiungo tulichofunga kuvuka hori la Tudor kilikuwa kizuri asubuhi na kibovu alasiri, siku nyingine kinyume chake. Tulihangaika mpaka mzee mmoja mvuvi akatuuliza kama tunatazama maji. Mawimbi ya redio yanapiga uso wa maji na kudunda, yanafika ng'ambo yakiwa yamechelewa kidogo kuliko yaliyokwenda moja kwa moja. Yakikutana vibaya yanafutana. Maji yakijaa na kupwa, pembe ya mdundo inabadilika. Wakati wa maji mafu kiungo kilitulia; wakati wa bamvua kilipanda na kushuka kama mtumbwi. Tulishusha antena ya upande mmoja na kuirudisha ndani ya paa, ukingo wa jengo ukakinga ule mdundo. Tangu hapo, kabla ya kupima chochote juu ya maji, naangalia kwanza mwezi una siku ngapi.

WPA2 na WPA3

Kama ruta na simu zako zote zinakubali WPA3, iwashe. Kama kuna printa au kamera ya zamani inayokataa, chagua ule mpangilio unaochanganya zote mbili. WPA2 ni ya mwaka 2004, bado si mbaya ikiwa na pasiwadi ndefu. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba mtu anaweza kunasa salamu za mwanzo kati ya simu na ruta, akaenda kukisia pasiwadi nyumbani kwake kwa raha zake. WPA3, ya mwaka 2018, imeziba hilo. Namba yako ya simu si pasiwadi. Mtaa mzima unayo.

Yule mteja wa Barabara ya Digo

Nyumba yake iko Kisauni: chini na juu, kuta za mawe ya kawaida, slabu ya zege yenye nondo katikati, yeye na mkewe na watoto wanne, kifurushi cha megabiti 30. Majirani wako mbali kiasi. Zege la nondo kwa bendi ya 5 ni karibu sawa na ukuta wa shangazi, kwa hiyo ruta moja, hata ingekuwa na namba elfu kumi, ingehudumia orofa moja.

Nilimwambia arudishe yote mawili. Achukue AX1500, ambayo ni Wi-Fi 6 ndogo, aiweke juu. Chini afunge kisambazaji cha aina hiyohiyo kwa waya. 5 kwa upana wa 80 kote, chaneli 36 juu na 149 chini, 2.4 kwa upana wa 20, chaneli 1 na 11. Ile televisheni ya sebuleni, ambayo haitembei, achomeke kebo moja kwa moja ipunguze watu hewani.

Akapiga hesabu kwenye simu. Maboksi mawili madogo na kebo yalikaribia bei ya lile kubwa, tofauti ya nauli ya matatu. Mwenye duka alikuwa ananitazama kwa jicho baya, ingawa mwisho wake aliuza vitu vitatu badala ya kimoja. Mteja akatoka na maboksi kwenye mfuko na mita thelathini za kebo begani kama kamba ya mvuvi, kisha akarudi mlangoni.

"Sasa hii kebo nitaipitisha wapi, na wewe umesema slabu ni zege?"

Kando ya bomba la maji, nikamwambia. Tundu liko tayari.